Kodi ya Kichwa cha Dinah

Shemeji yangu Enos Hathcock alikuwa anakufa kwa vumbi la pamba. Alilivuta kiwandani tangu ujana wake mpaka mapafu yakawa kama godoro kuukuu, na daktari alishatuambia tusimhesabu kwenye mipango ya Krismasi. Enos mwenyewe Krismasi haikumshughulisha. Alitaka kitu kimoja tu: azikwe Stony Fork, kwenye nusu eka ya makaburi ya wazee wake, juu ya kilima ambacho kampuni ya machimbo ya mawe ilikuwa imeshakinunua na kuanza kukipasua kwa baruti.

"Hobart," aliniambia, akipumzika kati ya neno na neno, "usiwaache wanizike mjini. Nitalala milele kati ya benki na Wamethodisti."

"Wamethodisti hawakorofishi," nikasema. "Hawaimbi kwa sauti."

"Ndiyo maana sitaki."

Mimi nilimuoa dada yake Maybelle, Mungu amrehemu, hatukujaliwa mtoto. Lavinia, dada aliyebaki, ndiye aliyekuwa akimuuguza Enos. Hakuolewa. Alipiga kinanda kanisani na kuwafundisha watoto Biblia Jumapili, na hapakuwa na meza ya msiba Virginia yote ya kusini ambayo haikupata sahani yake. Kwetu mtu akifa kina mama hawaulizi. Wanakuja na kuku wa kukaanga, viazi na paja la nguruwe mpaka mfiwa anakosa pa kuweka kikombe.

Sasa kuhusu kilima. Shamba la Hathcock liliuzwa zamani sana, lakini hati ya kuliuza ilitenga ile nusu eka ya makaburi iwe ya "Jesse Hathcock wa Stony Fork na uzao wake milele." Kampuni haikubisha. Ilisema kwa adabu: sawa, leteni huo uzao. Halafu wakili wao, kijana mmoja aitwaye Prentiss, mwenye nywele zilizolala kama zimelambwa na ng'ombe, akaweka mezani karatasi zake. Jesse Hathcock Mkubwa aliuza kila kitu akahamia Carolina na mkewe Prudence na watoto wote, akiwemo mtoto wake Jesse. Nasi siku zote tulijua, hata Biblia ya nyumbani ilisema, kwamba ukoo wetu umetoka kwa Jesse Mdogo. Kama Mdogo alimfuata baba yake Carolina, basi Hathcock wa hapa walikuwa watu wengine tu waliookota jina njiani.

Jaji alitupa hadi Jumatatu ya wiki iliyofuata. Uzao uje mbele yake na uthibitisho, kwa kiapo.

Maisha yangu yote nilichimba visima. Kimoja kilizama sana hata ndoo ikapanda na nyota ndani yake, mchana kweupe. Asiyeamini nitampa ndoo. Nilipostaafu nikahamia masjala ya mahakama ya kaunti, kwa sababu watu wa mle wote wamekufa na hakuna anayenikatiza hadithi. Nikajifunza mwenyewe kusoma mwandiko wa kale, ule ambao herufi ya S inajifanya F. Basi kazi ikaniangukia mimi.

Nilikaa mle wiki nzima mpaka mama wa masjala akaanza kunifagia pamoja na sakafu. Nilisoma hati za ardhi: anzia mwaloni mweupe penye kijito, nenda mashariki mpaka kwenye kisiki, geuka kwenye jiwe la fulani. Visiki vimeoza, na fulani naye kaoza. Nilisoma na orodha za kodi, ambamo karani wa sherifu wa zamani aliandika Jesse Hathcock Mkubwa na Jesse Hathcock Mdogo. Kila Jesse niliyemkamata aliniponyoka. Jioni nikirudi Enos ananitazama tu, haulizi, kifua chake kikipiga filimbi kama birika.

Alhamisi nikakaa nikawaza kuhusu majirani zangu. Barabarani kwetu kuna akina Clem wawili. Tunamwita mmoja Clem Mkubwa na mwingine Clem Mdogo, na hawana undugu hata wa paka. Mkubwa ana miaka mingi, Mdogo ana michache, basi. Clem Mkubwa alipolazwa hospitali mwaka juzi, huyu mwingine tukamwita Clem tu.

Yule karani wa sherifu wa zamani hakuandika baba na mwana! Aliandika mzee na kijana wa jina moja, asije akamtoza mmoja mara mbili. Nikazirudia orodha za kodi upya. Ndiyo hivyo: mwaka Mkubwa alipoondoka, "Mdogo" likafutika kwenye jina la yule mwingine. Alibaki Jesse peke yake, hana tena wa kuchanganywa naye. Prentiss na sisi sote tulikuwa tumempa mtu baba asiye wake.

Lakini hiyo ilikuwa nusu. Ilibidi nithibitishe kwamba huyu aliyebaki ndiye wa Stony Fork, na ndiye wetu. Biblia ya nyumbani ilimtaja mke wa Jesse wetu: Dinah. Jina la ukoo halikuandikwa, ila hadithi yake kila Hathcock aliijua. Dinah alikuwa binti wa nahodha Mreno aliyevunjikiwa na meli, na ndiyo sababu akina Enos huiva rangi mapema jua la Aprili likitoka. Mimi mwenyewe niliiongezea hadithi hiyo kasuku wawili na sanduku la lulu, ikapendeza zaidi.

Ijumaa mchana nikamkuta. Orodha ya kodi ya mwaka 1764, wilaya ya Stony Fork: *Jesse Hathcock na mkewe Dinah, vichwa viwili.*

Niliruka. Nilimbusu mama wa masjala shavuni, akanipiga na faili. Nilishafika mlangoni, kofia mkononi, ndipo miguu ikagoma.

Mke anafanya nini kwenye orodha ya kodi?

Enzi za Mwingereza Virginia ilitoza kodi ya kichwa, ikalipwa kwa tumbaku. Mwanamume mzungu alihesabiwa. Watumwa walihesabiwa, mume kwa mke, na bwana wao ndiye aliyewalipia. Mke wa mzungu hakuhesabiwa hata siku moja. Nilishasoma majina ya wakulima mpaka macho yakatoa machozi na sikuona wake zao. Wake wa watu huru waliotozwa walikuwa wa familia za namna moja tu: zile zenye damu nyeusi, au ya Wahindi wekundu. Yule karani hakumwandika Dinah kwa heshima. Alimwandika kwa sababu ya rangi ya nyumba ile.

Nikarudi nikaketi. Nilitafuta ushahidi mwingine mpaka wakafunga: hati, wosia, kesi, chochote chenye Dinah na Stony Fork pamoja. Hapakuwa na kitu. Kamba ya kutufikisha kilimani ilikuwa hiyo moja.

Nilimkuta Lavinia jikoni akikanda unga wa mahindi. Nikamweleza yote kwa sauti ya chini. Aliendelea kukanda muda mrefu kupita unga ulivyohitaji.

"Shemeji," akasema mwishowe, "hizi zako za kasuku nenda kazisimulie dukani."

"Si za kasuku, Lavinia."

"Ulimwambia mchungaji kwamba nguruwe wa babu yako alipiga kura."

"Alipiga. Lakini hili ni kweli."

Akanigeukia, mikono imejaa unga mpaka viwiko. "Unajua watu wa hapa. Unawajua! Nitasimama mbele ya jaji, gazeti limekaa pale, nikamwambie nini? Mimi ni nani kesho yake kanisani? Watoto wangu wa Jumapili mama zao watawaleta?"

"Enos anataka..."

"Enos anakufa! Mimi ndiye ninayebaki!" Kisha akashusha sauti, akatazama mlango wa chumba cha mgonjwa. "Makaburi ya mjini yana nyasi nzuri. Hatajua."

"Atajua kabla."

"Basi usimwambie. Muonee huruma, Hobart. Maisha yake yote alijiona mtu fulani. Mwache afe akiwa huyo."

Nilizunguka uani, nikarudi, nikazunguka tena. Lavinia alikuwa na haki, na mimi sikuwa na damu ya Hathcock hata tone, jambo hili lisingenigharimu kitu. Lakini niliposikia baruti ya machimboni na vioo vya dirisha vikitetemeka, niliingia kwa Enos nikafunga mlango nyuma yangu.

Alinisikiliza amefumba macho. Nilipomaliza akasema, "Umechagua siku mbaya ya kunitania."

"Sitanii."

"Apa."

"Naapa kwa Maybelle."

Akafumbua macho. Hapo ndipo aliponiamini, na nilijuta kuaminiwa. Alitazama mkono wake juu ya shuka, akaugeuza, kiganja juu, kiganja chini, kama mtu aliyeletewa bidhaa asiyoiagiza.

"Mwenye damu hiyo ni yeye au ni Jesse?"

"Karatasi haisemi. Inasema tu walimtoza."

"Na walilipa?"

"Mwaka baada ya mwaka. Karani anaandika tena na tena vichwa viwili, bila jina lake."

"Tumbaku ya kwenye mawe yale," akasema. "Niliyalima utotoni kama kibarua. Hakimei kitu pale." Akakohoa mpaka nikamshika mabega. Pumzi iliporudi akasema jambo ambalo sikulitegemea kwa mtu aliyewahi kuhama kiti dukani kwa sababu ya rangi ya aliyeketi jirani. "Wamemkamua hivyo akiwa hai, leo wampasue kwa baruti? Kaniletee mtu wa kuapisha. Nitaweka sahihi."

Nikamwahidi Jumamosi asubuhi. Mwapishaji alikuwa amekwenda kuvua samaki. Nikamsaka kando ya mto mzima, nikamkuta jioni, akasema atakuja kesho baada ya ibada. Kesho baada ya ibada Enos alikuwa ameshakata roho. Lavinia alikuwa ameketi kitandani bado amemshika mguu juu ya blanketi, kofia ya kanisani kichwani, ingawa hakwenda.

"Hakusema lolote," akaniambia. "Alikuwa anakutazamia mlangoni."

Sikuwa na uongo wa kumpa, nikamwambia kwamba Enos alikuwa anamtazamia mwapishaji ili aweke sahihi. Uzao wa Jesse katika kaunti ile sasa ulikuwa mtu mmoja, naye alikuwa huyu. Sikumwomba. Nilimwachia nakala ya orodha ile mezani, nikaenda kumtafuta seremala wa jeneza.

Jumatatu nilikwenda mahakamani peke yangu, nikakaa nyuma. Prentiss alikuwa tayari anafunga mkoba wake jaji alipouliza mara ya pili kama kuna mwakilishi wa ukoo. Ndipo Lavinia akaingia. Alivaa nguo nyeusi na glavu, na nyuma yake kina mama wawili wa kanisa waliodhani wanamsindikiza kwenye jambo la kawaida la msiba.

Akala kiapo. Jaji, mzee mpole, akamwuliza anadai kupitia kwa nani.

Lavinia akavua glavu moja. "Kupitia kwa Jesse Hathcock wa Stony Fork," akasema, "na mkewe Dinah. Ambaye alitozwa kodi ya kichwa mwaka 1764."

Jaji alikuwa mtu wa sheria. Kalamu yake ikasimama. Prentiss hakuelewa. "Mheshimiwa, wake hawakutozwa. Lazima karani alikosea."

"Hakukosea," akasema Lavinia.

"Lakini mama, ili atozwe, ingebidi awe..." Masikio yakamwiva. "Je, unaelewa unachokisema?"

"Wewe mtoto, sijalala tangu Ijumaa kwa kukielewa. Unataka nikusemee kwa sauti zaidi? Bibi wa mababu zangu alikuwa mke wa nyumba isiyokuwa ya wazungu. Aliishi pale kilimani, amezikwa pale kilimani, nami ni wake. Sasa nipe kaka yangu pa kulala."

Nyuma yake niliwaona wale kina mama wawili wakitazamana. Mmoja akachukua mkoba wake, wakatoka wakitembea kwa ncha za viatu, kama watu wanaotoka katikati ya mahubiri.

Jaji alisoma Biblia ya nyumbani, akasoma nakala yangu, akasoma hati. Akatupa nusu eka, na kampuni ikaamriwa isipasue karibu nayo.

Tulimzika Enos kesho yake. Nilichimba mwenyewe, ardhi ilikuwa mawe matupu na sururu ilitoa cheche. Mchungaji alikuja, akasoma haraka, akasema ana miadi mahali. Makaburi ya zamani yana mawe ya shambani tu yaliyosimamishwa, hayana jina hata moja. Lavinia alitembea katikati yake akiinama kwa kila jiwe.

"Yupi ni Dinah?"

"Hakuna anayejua."

"Hata kwenye karatasi zako?"

"Hata huko."

Tuliporudi nyumbani alikuwa ameshatandika meza tangu asubuhi, kitambaa cheupe, sahani zimepangwa, nafasi imeachwa katikati kwa ajili ya vyakula vitakavyoletwa. Nilivua viatu vyenye udongo nikakaa. Gari lilipita barabarani likapunguza mwendo, Lavinia akainuka, gari likaendelea. Likapita jingine. Katikati ya sahani hakukuwa na kitu ila chumvi.

Jua lilipofika kwenye vilele vya misonobari aliondoa sahani, akaanza kukunja kitambaa kutoka upande wake. Alifika katikati, akasita, akakikunjua tena na kukilainisha kwa kiganja.

"Tusubiri kidogo," akasema.