Shingo ya Winchi

Kifungo kilimshinda. Alikishika, kikateleza. Akakishika tena, akadhani kimeshaingia tunduni, kumbe vidole vilikuwa vinasukuma hewa tupu. Vidole vyenyewe alivijua viko palepale mkononi, ila havikuwa na habari naye.

"Ngoja nije nikufunge," alisema bibi wa kitanda cha pili, kisha akacheka peke yake. "Nakuja na mguu wangu juu kama bendera ya shule."

Bibi alikuwa amevunjika paja. Mguu ulining'inizwa kwa kamba yenye jiwe, na kitanda chake kilikuwa dirishani. Mwenzake hakuweza kugeuka kutazama dirisha. Alikuwa amevishwa kola ngumu ya shingo, rangi ya chai ya maziwa, iliyomshika kuanzia kidevuni mpaka mabegani, na kazi yake mchana kutwa ilikuwa kuangalia dari. Kwa hiyo kila asubuhi aliuliza swali lilelile.

"Bibi, umemwona?"

"Nimemwona. Anapanda. Si yule mwenye ngata nyekundu kichwani?"

"Ndiye."

"Karai limejaa, lakini anatembea vizuri. Usijitie presha, utatuharibia asubuhi."

Nje ya dirisha lilikuwa linajengwa jengo jipya la hospitali hiyohiyo, la wagonjwa wa vyumba vya peke yao. Ghorofa zilipanda, na zege lilipanda juu ya vichwa vya wanawake. Hapo ndipo alipokuwa akifanya kazi huyu mwenye kola. Mashine ya kuvutia mizigo juu ilifungwa kazi ilipoanza, ikaharibika, nyapara akasema itatengenezwa. Naye akawa anapanda na kushuka bila kutua, mpaka wenzake wakasema, ya nini kutengeneza winchi ya chuma na sisi tunayo inayokula na kupiga soga. Basi, Winchi likawa jina. Mwenyewe alilipenda, maana ni jina la mtu anayetegemewa.

Ugonjwa ulianza kwa ganzi ya kidole gumba. Vikafuata vikombe, kimoja kimoja vikimtoka mkononi, hadi nyumbani vikabaki vya plastiki. Alisema amelala vibaya. Akajichua shingo kwa dawa kali iliyowatoa machozi watu wa nyumba nzima, akaendelea kupanda. Halafu miguu nayo ikawa inakanyaga kama ya mlevi. Siku aliyoanguka kwenye ngazi ya mbao hawakuhitaji gari, walimvusha ukuta tu.

"Pingili za shingo yako zimesagika," daktari bingwa alimwambia, akiinua picha kwenye mwanga. "Katikati ya pingili kuna vitu kama vipande vya mpira. Vyako vimechakaa, vimetoka nje, vinabana uti. Ndiyo maana mikono haikusikii. Tutaingilia hapa mbele, kooni, tutoe kilichochakaa, tuweke kipande cha mfupa, tukaze kwa bati dogo na skrubu."

"Vidole vitarudi, dokta?"

"Sitakudanganya. Kilichokwenda kinaweza kisirudi. Tunapasua ili kilichobaki kisiende. Ukichelewa, unapoteza."

"Sasa ni lini?"

"Utapangiwa."

Akapangiwa. Alilala bila kula, akavuliwa hereni, akawekwa kwenye kitanda cha magurudumu. Kisha sista akamrudisha wodini.

"Leo haiwezekani, mama. Kuna mgonjwa wa mkurugenzi."

"Anaumwa nini?"

"Shingo."

"Naye alikuwa anabeba?"

Sista aliangalia mlangoni kwanza. "Anakaa sana kwenye gari. Kula chakula chako."

Akapangiwa tena, akarudishwa tena. Safari hiyo mashine ya kukatia mfupa ilikuwa imeazimwa, na aliyeiazima ni daktari mwenyewe, kwa ajili ya kliniki yake.

Nyapara alikuja kumwona mara moja. Alisimama miguuni pa kitanda, kofia ngumu mkononi, kama mtu aliyekuja msibani.

"Mimi si mtu mbaya, mama. Nafasi yako haitaguswa. Mradi kuna mtu wa kwako ndani yake."

Mtu wa kwake alikuwa mmoja, binti yake, aliyekuwa akijifunza ushonaji na alishafika mahali pa kushona kola za mashati bila kuelekezwa. Akaiacha cherehani, akaivaa ngata ya mama yake.

"Siku nikipasuliwa, unashuka siku hiyohiyo," Winchi alimwambia. "Mimi nikitoka nitauza hata maji. Wewe unarudi kwenye sindano zako."

"Sawa, mama."

"Usiniambie sawa kama unamjibu nyapara."

Binti alikuja kila saa ya kuwaona wagonjwa, saruji bado ikiwa kwenye kope. Alimlisha mama yake mkate uliochovywa kwenye chai, kipande kwa kipande. Siku moja kipande kilianguka kwenye shuka kabla hakijafika mdomoni.

"Kimekuponyoka," mama alisema.

"Nimechoka tu."

"Kidole gani?"

"Kidole gani nini?"

"Kinachokufa ganzi."

Binti alitafuta pa kuweka kikombe. Kisha akainua kidole gumba.

Bibi wa dirishani, ambaye mdomo wake haukujua likizo, alijifanya amelala.

"Kesho usiende."

"Nisipokwenda, huo mkate utatoka wapi? Na nafasi?"

"Basi nifungue hii."

"Ipi?"

"Ya shingoni. Mimi nimelala, shingo yangu imeshikwa na mto. Mwenye mzigo ni wewe. Fungua, mimi vidole havinitii."

"Mama, dokta atasema nini?"

"Dokta nimemwona mara ngapi tangu nilazwe? Fungua. Uivae na mtandio juu, sista asikuone."

Mkanda wa kunata ulitoa sauti kama nguo inayochanwa. Binti aliinua kichwa cha mama yake taratibu, akaivuta kola, akaivaa. Ilimkaa vizuri. Mama alimtazama kwa pembe ya jicho, na kwa mara ya kwanza tangu alazwe alilala mpaka asubuhi.

"Bibi, umemwona?"

"Nimemwona. Leo kanyooka kama askari wa gwaride."

Sista aligundua wakati wa kutandika. Aligomba wodi nzima ikasikia, akakunja mashuka mawili, akayabana pande zote mbili za kichwa.

"Kifaa cha hospitali kinapoteaje kwa mtu asiyeweza hata kugeuka? Usitikisike. Sikupi nyingine mpaka siku ya operesheni. Na siku hiyo lazima iwepo, maana bila kola dokta hapasui mtu. Shingo itoke mle chumba cha upasuaji ishikwe na nini?"

Winchi alikuwa anasikiliza dirisha.

"Nyapara kamsimamisha binti yako," bibi alisema. "Anamgusa shingoni. Anamzungusha. Sasa anacheka."

Jioni binti alieleza mwenyewe. "Nilidhani ananifukuza. Kauliza kama inasaidia. Nikamwambia shingo haiyumbi. Kasema mama yako ana akili, angekuwa injinia."

"Halafu?"

"Kaniongezea zege. Kasema sasa naliweza."

"Na kidole?"

Binti aliutazama mkate. "Kula, mama."

Siku ya kupangiwa ikafika mara nyingine, na safari hii kila kitu kilikuwepo. Daktari alikuwepo. Mashine ilikuwepo. Winchi alivishwa gauni la kufungwa kwa kamba mgongoni, akatundikiwa maji, na daktari akamchora kwa kalamu mstari kooni, pale kisu kitakapopita.

"Leo, mama," alisema. Alikuwa ameshavaa glavu. "Sista, kola."

Sista alitoka. Mlango ukabaki wazi, na sauti zikaja kutoka kwenye korido, yake na ya mtu wa stoo.

"Lilikuwepo boksi zima."

"Lilikuwepo. Limechukuliwa jana, utawala umeidhinisha."

"Limechukuliwa na nani?"

"Mradi."

"Mradi gani unaoumwa shingo?"

"Mradi, sista. Kwani wewe umeajiriwa leo?"

Daktari alivua glavu, moja, kisha nyingine, akazitupa kwenye ndoo. Alimwangalia Winchi kama anayetaka kusema jambo, halafu akaangalia saa.

"Utapangiwa," alisema.

Walimrudisha wodini na mashuka yake mawili yaliyokunjwa. Mwanga ulikuwa bado wa asubuhi, na kelele za koleo na zege zilikuwa zinaingia kama kawaida.

"Bibi, umemwona?"

Bibi alikaza macho dirishani.

"Sijui yupi ndiye," alisema mwishowe. "Leo wamefanana. Wamevaa wote."

"Wamevaa nini?"

"Ile ya kwako. Ya chai ya maziwa. Mstari mzima, kuanzia chini mpaka juu kabisa, na hakuna hata mmoja anayegeuza shingo."

"Na makarai?"

Kamba ya mguu ililia kidogo, bibi akijivuta kusogelea kioo.

"Wameletewa mapya," alisema. "Makubwa."

Winchi aliinua mkono kuutafuta ule mstari wa kalamu kooni. Mkono ulifika. Vidole havikumwambia kama ameugusa.