Mita Sitini Kutoka Majini

Baba alinipa ncha ya kamba, akaniambia nikasimame pale maji yanapoishia. Sikutaka kwenda. Watu wa kitongoji chetu cha bondeni, huku chini ya kijiji cha Busunzu, walikuwa wamekwisha kujaa uani kwa shangazi Esteri, na mimi macho ya watu hunifunga ulimi. Lakini baba ndiye mwenyekiti wa kamati ya mazingira, na tangu nilipoacha shule nikiwa darasa la tano, mimi ndiye ninayemshikia kamba.

Kamba yenyewe ni ya katani, ndefu, na urefu wake ni mita sitini. Masika ya mwaka juzi mto ulibeba vyoo, mbuzi na ukuta mzima wa kanisa, ndipo kijiji kikapitisha sheria yake: ndani ya mita sitini kutoka mtoni pasiwe na nyumba, choo wala tanuri la matofali. Baba aliisimamia kwelikweli. Wengine walihama kwa machozi, wengine kwa matusi. Mwezi wa nane, alipomaliza kujenga nyumba yetu mpya ya bati, aliipima mwenyewe mbele ya watu, ikaonekana iko nje kidogo tu ya mpaka. Wakampigia makofi. Nami nilikuwa nimeshika kamba mchangani, kando ya kijito chembamba ambacho hata kuku angekivuka.

Sasa ilikuwa Aprili. Maji yalikuwa yameingia kwenye mahindi. Nikasimama pale mahindi yalipokuwa yamelala, baba akavuta. Ncha ya pili ikapita mlango wa shangazi Esteri, ikapita na jiko, ikaenda kuishia kwenye migomba. Maana yake nyumba yote iko ndani. Pasikali, mtendaji wa kijiji, akafungua kopo la rangi nyekundu.

"Ngoja kwanza, mtendaji," alisema shangazi Esteri. Si shangazi yangu wa damu. Wazazi wake na wa baba walitoka Burundi pamoja, na sote tunamwita hivyo. "Leonidasi, matofali haya nimeyabeba kichwani mwenyewe. Nikivunja, wajukuu zangu nitawalaza wapi? Kwenye migomba?"

"Sheria tuliipitisha wote," baba alisema. "Na wewe ulinyoosha mkono."

"Nilinyoosha, sikatai. Ila ya kwako ilipimwa kiangazi, mto ukiwa kama mkojo wa mbuzi!"

Watu wakacheka. Stanislaus, fundi wa matofali, akadakia, "Mwacheni mwenyekiti! Mto wa kwake una adabu, ukifika mlangoni unabisha hodi."

"Yangu ilishapimwa," baba alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko kawaida.

Ndipo shangazi Esteri akanigeukia mimi. "Divine, mwanangu. Wewe ndiye uliyeshika kamba. Siku ile mlipopima kwenu ulisimama wapi?"

Wote wakanitazama. Nilitamani ardhi inimeze. Kwetu mtoto hamsemi baba yake mbele za watu, hata akiwa ameolewa, sembuse mimi ninayekula kwake. Lakini nilimwona Pasikali ameshachovya brashi, na nikamwona mjukuu mdogo wa shangazi amekaa kwenye kizingiti cha ule mlango.

Niligeuka nikaingia majini na ile kamba mkononi.

"Wewe mtoto! Atasombwa huyo!" wanawake walipiga kelele. Maji yalinifika magotini, halafu mapajani, kitenge kikanigandama mwilini. Nikapapasa kwa miguu mpaka nikalikuta jiwe letu la kufulia, ambalo kiangazi hukaa ukingoni. Nikasimama juu yake, nikainua ncha ya kamba.

"Toka humo!" baba alifoka. "Unaniaibisha!"

Sikutoka. Nilikuwa nalia, na nilishukuru kwamba uso wangu ulikuwa umelowa tayari kwa maji yaliyonirukia. Pasikali akaichukua ncha ya pili kutoka mkononi mwa baba, akaivuta. Safari hii iliishia bustanini, haikufika hata ukutani.

"Basi, mwenyekiti," alisema taratibu. "Tukipima hivi, Esteri amepona. Tukipima kutoka mahindini kama mwanzo, nyumba yake inavunjwa, na ya kwako pia. Tushike kipi?"

Baba aliyatazama mahindi yaliyolala majini.

"Maji yanayobeba watu ni haya ya leo," alisema mwishowe. "Njooni mpime na kwangu."

Mama yangu, Kezia, alikuwa anaanika maharage walipofika. Alisimama akiangalia alama nyekundu ikichorwa kwenye mlango wake mpya, kisha akaniangalia mimi na kitenge changu kinachochuruzika, akaelewa. Hakunisemesha mpaka kesho yake, na baba alikula peke yake chumbani.

Kijiji kilitupa viwanja kule juu mlimani, cha kwetu na cha shangazi Esteri vinapakana. Desturi yetu mtu akihama huwaita majirani wambebee, akawapikia. Baba hakumwita mtu. Angemwita nani, wakati nusu yao aliwahamisha yeye? Tulibeba mabati wenyewe, watatu, tukipita mbele ya milango ya watu. Nilitembea nimeinamisha kichwa, nikihisi kila mlango unanisema.

Asubuhi moja baba aliniita twende kwa shangazi Esteri. Tulimkuta anakanda udongo wa nyumba yake mpya kwa miguu.

"Mwakeye," baba alimsalimia kwa lugha yetu, amevua kofia.

Shangazi aliendelea kukanyaga udongo, na baba aliendelea kusimama pale, kofia mkononi, mbele yangu. Nilitaka kukimbia.

"Leonidasi," alisema hatimaye, "umekuja kunipima tena?"

"Hapana, dada. Nimekuja kukanyaga."

"Basi vua viatu. Na wewe, Divine, acha kuangalia chini. Teka maji."

Baba akainama kufungua kamba za viatu. Nikachukua ndoo haraka ili nisiendelee kumwona ameinama hivyo.