Mlango wa Nyuma

Jumamosi, tarehe 13 Julai 2024. Asubuhi hiyo upepo wa ziwani ulivuma baridi, na ukungu ulikuwa umeifuta milima ya Kongo kana kwamba haikuwahi kuwepo.

"Shemeji, umemkanyaga mama mkwe wangu!"

Walter aliinua kiatu chake kilichong'aa, akatazama chini. Palikuwa na jiwe tu. Watu waliokaa kivulini kando ya ukuta wa makumbusho, pale Ujiji, wakaangua kicheko, na Inamahoro, mwenye jiwe, akacheka kuwashinda wote.

Leonida, mfagiaji wa makumbusho, aliyaona yote akiwa ameegemea ufagio wake. Hakushangaa. Afisa huyu alihamishiwa Kigoma juzijuzi, na bomba lake la maji liko ndani ya nyumba. Angejuaje kwamba hapa mtu akichoka kusimama kwenye foleni huacha jiwe, ndala au ndoo mahali pake, na kitu hicho huheshimiwa kama mwenyewe? Aliona akina mama wawili mlangoni, akaona na safu ya mawe, akadhani mawe ni pambo la njia.

"Si nilikwambia?" alikuwa amemwambia mkewe, Elinipa, akijipanga nyuma ya akina mama hao. "Foleni ni ya watu wasiojua pa kupitia."

Kumbe foleni ilipinda hadi barabarani. Watu walikuwa wamefika tangu alfajiri kuiaga ngoma kuu iliyohifadhiwa mle. Saa sita mchana ingepandishwa gari kwenda Dar es Salaam kutengenezwa, na hakuna aliyesema ingerudi lini. Chumba chake kilikuwa kidogo, kwa hiyo waliingia wachache wachache. Mwisho kabisa wa mstari alikaa Mzee Nyabenda, ambaye boti lake kutoka Mwamgongo lilichelewa. Ngoma hiyo aliichonga baba yake.

Leonida alimfuata. "Shikamoo, Mzee. Pita mbele, watu wamekubali."

"Marahaba. Oya, mwana wanje," Mzee alikataa kwa Kiha, akitikisa kichwa. "Hawa nao wana baba zao walioipiga. Nitangoja."

Leonida alimtazama Walter, ambaye sasa alikuwa pembeni na simu sikioni, akicheka kile kicheko cha kuomba bila kuonekana anaomba. Mtu mzima, mwenye afya na gari, hawezi kungoja kama babu wa Mwamgongo! Alijisikia kutema mate, akayameza.

Haukupita muda, Frida, msimamizi wa makumbusho, akamwita nyuma ya jengo.

"Wafungulie mlango wa nyuma," alinong'ona. "Bwana Walter na wageni wake. Wengine wako njiani. Watapiga picha kidogo."

"Wakijaa mle, mstari hautaisha kabla ya saa sita. Na Mzee Nyabenda?"

"Ataiona kwenye simu. Tutampigia picha nzuri."

Leonida aliushika ufunguo ndani ya mfuko wa gauni. Mlango ule alikuwa amewafungulia watu wengi: wenye manukato, wenye miwani, wenye haraka isiyoelezeka. Walimpita kama wanavyopita mwimo wa mlango, na hakuna hata mmoja aliyemsalimu. Aliwadharau kimya kimya, akawafungulia. Sasa alijiona naye hana tofauti nao.

Alifumba macho. Bwana, aliomba moyoni, ulimi wangu uko mikononi mwako. Uufunge au uufungue, chagua wewe.

"Nimesikia, dada," akasema. "Ila njoo uniambie kule mbele."

"Umerukwa na akili? Kazi unaitaka?"

"Naitaka sana."

Akaondoka. Frida akamfuata mbio, visigino vikizama mchangani, akimwita kwa sauti ya chini, na hakumwahi. Leonida alisimama mbele ya safu ya mawe.

"Ndugu zangu, dada Frida ana neno. Dada, rudia uliloniambia kule nyuma."

Waliokaa wakainuka. Kila mmoja akaenda kusimama kwenye jiwe lake, na ghafla mstari mzima ukawa na macho. Walter akaanza kufuta vumbi kwenye kioo cha simu yake. Elinipa akageukia gari.

Frida alitabasamu tabasamu la kupigiwa picha.

"Jumatatu tutaonana ofisini," alimwambia Leonida bila kufungua meno. Kisha akawageukia watu. "Aah... nilikuwa namwambia tu... kwamba kila mmoja ataingia."

"Kwa nguvu, dada!" Inamahoro alipaza sauti. "Wa barabarani hawasikii. Na mzee je?"

Frida alimtazama Walter. Walter hakumtazama. Frida akavuta pumzi, mshipa wa shingo ukasimama, akatamka mbele ya umati:

"Naahidi, mbele yenu wote: ngoma haitapanda gari mpaka Mzee Nyabenda aione, na mlango utakaofunguliwa leo ni huu mmoja tu."