Nusu ya Ndevu

Watu walimpelekea kinyozi nywele zao pamoja na yaliyokuwa chini ya nywele. Ugomvi wa ndoa, kesi ya shamba, mkwe asiyesalimia, vyote viliishia kwenye kiti chake, naye alikuwa akiitikia "ehe, ikawaje?" mpaka mtu anaondoka mwepesi. Yeye mwenyewe hakuwa na pa kuyapeleka yake. Kinyozi hajinyoi, si ndivyo wasemavyo?

Na yake yalikuwa mazito. Mkono wa kulia, mkono wa kazi, ulikuwa umeanza kutetemeka. Akishika mashine hakuna aliyeona. Akishika wembe, roho ilikuwa juu juu.

Alijaribu kusema. Mkewe hakumwacha amalize: "Uchovu huo, baba watoto. Lala mapema." Kaka yake akadakia, "Mkono tu? Ungeujua mgongo wangu!" na jioni nzima ikawa ya mgongo. Rafiki yake akamtupia methali, mficha maradhi kifo humuumbua, kana kwamba alikuwa anaficha! Wote walimpenda, hilo halina ubishi. Ila kila aliyefungua mdomo mbele yao aliondoka na yake yaleyale, na ya kwao juu.

Siku hiyo aliingia fundi bomba, mteja wa miaka mingi na mtu wa maneno machache. Alasiri alitakiwa ukweni, kwa hiyo ndevu zote zitoke. Kinyozi akampaka povu, akanyoa shavu moja likawa safi. Alipofika kooni, mkono ukaruka. Wembe ulipita hewani, nusura uguse ngozi.

Akauweka mezani, jasho likimtiririka. Angeweza kusingizia ubutu wa wembe. Lakini maji yalikuwa yamemfika shingoni.

"Kaka, mkono wangu una kitu. Ningekukata sasa hivi."

Mwingine angeutafuta mlango. Fundi alijishika koo kwanza, na nani asingejishika? Kisha akaketi wima, akamgeukia.

"Ulianza lini?"

Kinyozi alijibu huku akingoja kukatizwa. Hakukatizwa. Akaeleza habari za mkono, akafika kwa marehemu baba yake, kinyozi pia, aliyeanza hivihivi akaishia kulishwa kwa kijiko. Alipokwama, fundi alingoja. Povu lilimkauka shavuni. Simu yake ilipoita, aliizima bila kuitazama.

"Unaogopa nini hasa?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo.

"Naogopa mke wangu aje anilishe. Mimi nilimlisha baba, nikamchoka. Nilimchoka, kaka, na mwenyewe aliona."

Machozi yakamtoka, mtu mzima na aproni yake.

"Aliona," fundi akasema polepole. Basi. Hakumwambia anyamaze, wala hakuleta habari za shangazi yake aliyepona kwa mizizi.

Hofu haikuondoka. Lakini sasa kinyozi aliweza kuitazama usoni, na kwa mara ya kwanza alijua anachotaka.

"Nataka kwenda hospitali. Nashindwa kwenda peke yangu."

"Funga duka."

"Na ndevu? Na ukweni?"

"Ukweni walishaniona vibaya kuliko hivi."

Wakatoka, fundi na nusu yake ya ndevu, wapita njia wakigeuka kucheka. Kinyozi alitoa simu, akampigia mkewe.

"Mama watoto, nina jambo. Usinipe jibu kwanza. Nisikilize tu."

Upande wa pili alisikia redio ikizimwa, kisha kiti kikivutwa.

"Haya, baba watoto," mkewe akasema. "Nimekaa."