Mwana wa Redioni

Kifuniko cha birika kilikuwa kinachezacheza, alfajiri bado. Mwoka mikate alimletea baba yake mkate wa moto, akamkuta ameinamia redio. Timu ya taifa ilikuwa inacheza ng'ambo. Nahodha alipofunga, mzee aliruka: "Mwanangu huyo!"

Wivu ukamkaba mwoka mikate. Yeye, mtoto wa kumzaa, hajawahi kushangiliwa hivyo.

"Baba, huyo hata hakujui!"

"Ndiyo maana napiga kelele. Yuko mbali. Wewe ukibisha hodi tu, moyo wangu unatulia."

Akamkatia baba yake kipande kinene, midomo bado imevimba kwa kununa. "Mimi sifungi mabao."

"Na yeye hajaniletea hata chembe ya mkate. Kesho uje tena, ila hiyo sura iache kwako."