Kimo cha Bwawa Lililokaushwa

Jumatatu ya wiki ya pili ya Machi, saa moja na robo asubuhi, Felician alifungua kabati namba tatu katika kiwanda cha kuchenjua dhahabu kilichoko nje kidogo ya mji wa Geita, akachomoa kadi iliyounguzwa na radi ya Jumamosi, akachomeka nyingine mahali pake. Kadi hiyo, kama zote za aina yake, ilikuwa na njia nane. Kila njia hupokea mkondo mdogo wa umeme kutoka kwenye kipimio kilichofungwa juu ya tangi au bomba, na kuugeuza kuwa namba inayosomeka kwenye skrini ya chumba cha udhibiti. Mkondo wa miliampea nne humaanisha kwamba tangi ni tupu. Wa ishirini, kwamba limejaa. Pasipokuwa na mkondo wowote, tangi halisemwi kuwa tupu: husemwa kwamba waya umekatika. Waliobuni utaratibu huo hawakutaka utupu uchanganywe na ukimya, na Felician aliuheshimu kwa sababu hiyo.

Alifunga nyaya saba na kuiacha njia ya nane wazi, kwa kuwa kiwanda hakikuwa na kipimio cha nane cha kuiunga. Njia ya nane ilisoma asilimia themanini na nne.

Aliweka mita kwenye vituo viwili vitupu vya kufungia nyaya. Mkondo ulikuwepo: miliampea kumi na saba nukta nne nne. Alifuta vituo kwa kitambaa kikavu, akapima tena, akapata namba ileile, akaiandika kwenye daftari la zamu kwa mwandiko wa kusimama aliofundishwa katika shule ya bweni ya seminari, ambako kosa la tarakimu moja lilimgharimu mtu Jumamosi nzima ya kufyeka nyasi.

Masele, msimamizi wa zamu, mtu wa Kishapu aliyekuwa akimwita Frateri kwa ajili ya seminari hiyo, aliinua macho kutoka kwenye skrini.

"Frateri, nane umefunga nini?"

"Sijafunga kitu."

"Mbona inasoma?"

"Inasoma themanini na nne."

"Haya," Masele alisema, akarudi kwenye chai yake.

Kadi za aina hiyo zilikuwa zimeacha kutengenezwa miaka tisa iliyopita. Mtengenezaji alituma barua ya ukurasa mmoja, yenye shukrani, akieleza kwamba hatauza tena kadi hizo, hatazirekebisha wala kujibu maswali juu yake. Kiwanda kilikuwa na kadi arobaini na mbili. Tangu siku hiyo Felician alikuwa mtunzaji wa daftari la vifaa vilivyopitwa na wakati. Alijua kadi ipi imebaki na njia sita nzima, ipi hupotoka kidogo saa za jua kali, ipi itakufa kwa radi ijayo. Za akiba zilipokwisha, kiwanda kilianza kununua zilizotumika kutoka kwa Mwita, mfanyabiashara wa vyuma na vifaa chakavu mwenye banda lake Kambarage, mjini Shinyanga. Kadi ya Jumatatu hiyo ilikuja kutoka kwake ndani ya katoni ya sabuni. Ubavuni mwake ilikuwa na ukanda wa plasta ya kidonda, na juu ya ukanda huo mtu alikuwa ameandika kwa kalamu ya bluu: 8 – KIMO, BWAWA, IGARAMYA.

Felician alimpigia simu Mwita.

"Fundi, kadi mbovu hairudishwi. Nilikwambia mapema."

"Si mbovu. Nauliza iling'olewa vipi kule Igaramya."

"Kwa koleo. Tulikata nyaya, tukabeba."

"Umeme ulikuwa umezimwa?"

"Uzimwe na nani? Mlinzi alikuwa anachaji simu."

Felician alishukuru na kukata simu. Fundi anayejua kazi hachomoi kadi namna hiyo. Huachilia njia moja baada ya nyingine, huzima kipimio cha kila njia, huandika sifuri na saa, kisha ndipo huivuta. Mafundi wa ukanda wa migodi huuita utaratibu huo kuiaga kadi, nao huchukua dakika arobaini, na ndiyo maana huachwa na watu wenye haraka. Hii haikuagwa. Hakuna aliyeiambia kwamba kazi imekwisha, kwa hiyo ilikuwa ikiendelea nayo kutoka mahali ilipo. Aliandika hivyo kwenye safu ya maelezo: Haikuagwa. Inasoma kituo chake cha zamani.

Jambo moja hakuliandika. Mgodi wa Igaramya, upande wa Bukombe, ulifungwa miaka minne iliyopita. Cheti cha ufungaji kilieleza kwamba bwawa lake la topesumu, yaani matope yanayobaki baada ya dhahabu kutolewa, lilikaushwa, likafunikwa kwa udongo na kupandwa nyasi. Nakala ya cheti ilibandikwa kwenye ofisi ya kijiji na bado ilikuwa ikisomeka. Chini ya ukingo wa bwawa hilo, umbali wa hatua mia tatu hivi, kilikuwepo kitongoji cha Bugelema chenye kaya ishirini na sita, na mojawapo ilikuwa ya Serafina, mama yake.

Jumamosi iliyofuata alipanda basi hadi Ushirombo, kisha pikipiki. Alipanda ukingo kabla ya kwenda nyumbani. Nyasi zilikuwa nzuri na mbuzi walikuwa wakila. Alipokanyaga katikati, ardhi ilitikisika mbele yake kwa mawimbi mapana, kama utandu wa uji unaposukumwa kwa kijiko, na mbuzi walipanda na kushuka bila kuacha kutafuna. Mfereji wa kugeuza maji ya mlima ulikuwa umefukiwa kwa kifusi siku za kufunga mgodi. Maji ya mlima sasa yaliingia bwawani kwa chini. Alikata fimbo ndefu, akaipenyeza ardhini, akaipima ilipolowa. Alikokotoa juu ya kiganja. Ilikuwa asilimia themanini na tano, na kadi asubuhi ile ilikuwa imesoma themanini na nne nukta tisa.

Mama yake alikuwa akianika mihogo juu ya mwamba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umekonda. Huko mgodini mnalishwa mawe?"

Alimweleza habari za kadi. Serafina alisikiliza huku akigeuza vipande vya mihogo kimoja kimoja.

"Iko Geita, na inaliona bwawa letu?"

"Ndiyo."

"Na waliolifunika walikuwa wamesimama hapa hapa, hawakuliona." Aligeuza kipande kingine. "Hiyo kadi imelelewa."

"Mama, hamia kwangu. Likifika mia, ukingo hautahimili."

"Nikahamie kwenye chumba chako cha kupanga, nilime sakafu? Baba yako yuko hapa. Shamba liko hapa. Wahamishe hayo maji, mimi sina kosa." Kisha, kwa sauti ya chini kidogo: "Nenda kaseme. Wewe si ulisomeshwa?"

Felician alikwenda kusema. Alipiga pasi shati jeupe, akachukua ruhusa ya siku moja, akapeleka nakala za daftari kwenye ofisi yenye dhamana ya migodi iliyofungwa. Alipokelewa na afisa aitwaye Eustace, mtu mpole mwenye miwani, aliyesoma kurasa zote bila kuruka hata moja. Eustace hakuuliza kadi inawezaje kusoma bwawa lililo mbali nayo kiasi hicho. Aliulizia cheti cha uhakiki wa vipimo.

"Kadi hii ilihakikiwa lini mara ya mwisho?"

"Haiwezi kuhakikiwa. Mtengenezaji ameacha kuitambua."

"Basi na mimi nitaitambuaje?" Eustace alivua miwani. "Bwana Felician, sikatai kwamba inasoma. Nasema kwamba kifaa kilichopitwa na wakati hakiwezi kutoa ushahidi wa wakati huu. Pili, kwa mujibu wa cheti, bwawa halipo. Nikipokea kimo cha bwawa lisilokuwepo, nitakifungulia jalada gani?"

"Twende ukaone. Ni mwendo wa nusu siku."

"Safari hupangwa kwa mabwawa yaliyo kwenye orodha."

Alimgongea muhuri wa kupokelewa kwenye nakala moja, kwa kuwa Felician aliomba, na akamsindikiza hadi mlangoni. Felician alirudi mara mbili zaidi, Aprili na Juni. Muhuri uligongwa mara zote. Alianza kuchoka kwa namna ambayo usingizi haukuiondoa.

Masika yale yalikuwa makubwa. Mwishoni mwa Mei njia ya nane ilifika tisini na moja nukta tatu, na ilipovuka tisini king'ora cha chumba cha udhibiti kilianza kulia kila baada ya saa moja, kwa kuwa ndivyo kilivyopangwa kwa kila chombo kinachokaribia kujaa. Kwenye sakafu chini ya kabati namba tatu palitokea unyevu wenye harufu ya chuma na mlozi mchungu. Mfagizi aliweka beseni, na alilimwaga kila Ijumaa mahali panapomwagwa maji ya sumu, kama kanuni zilivyotaka.

"Iage, Frateri," Masele alimwambia siku moja king'ora kikilia. "Dakika arobaini tu. Andika sifuri yako, tupumzike."

"Nikiandika sifuri, maji yatapungua?"

"Maji hayatapungua. Kelele itapungua."

"Mama yangu yuko chini ya ukingo ule, Masele."

"Najua." Masele aliinuka, akakinyamazisha king'ora kwa mkono kama alivyofanya kila saa. "Bebe," alimwita kwa Kisukuma, yaani wewe, "ndiyo maana nilikuambia wewe. Ningetaka ubaya ningemwambia mwingine."

Kiangazi namba ilisimama. Agosti kiliwasili kile kilichosubiriwa miaka tisa: makasha ya kadi mpya, na pamoja nayo injinia Aneth kutoka makao makuu, mwanamke mwenye utaratibu, aliyepewa wiki sita kubadilisha kabati zote. Alipitia daftari la Felician mstari kwa mstari na kulisifu. Alipofika njia ya nane aliomba aone mwenyewe. Aliweka mita, akasoma, akatikisa kichwa kwa kukubali.

"Kwenye mfumo mpya namba hii haitakuwepo," alisema. "Kadi mpya haijawahi kufika Igaramya."

"Naelewa, Injinia."

"Hii ya zamani itatolewa. Utaiaga wewe, maana hapa ni wewe unayejua. Na ukishindwa kuiaga, ilazimishe sifuri tu ili orodha ifungwe."

Kulazimisha ni kuiambia mashine iamini namba aliyoiandika mtu badala ya ile iliyosomwa. Hufanywa kila mahali, na mara nyingi bila nia mbaya.

"Sijawahi kuandika namba ambayo haijasomwa," Felician alisema. "Siwezi kuanzia kwa hii."

Aneth hakuwa mtu mbaya, na alikuwa na tarehe ya kumaliza. Mwishowe aliagiza kadi ichomolewe bila kuagwa, kama ilivyochomolewa mara ya kwanza, ifungwe ukutani ndani ya stoo ya vipuri pamoja na kipande cha kabati na umeme wake wenyewe, mbali na king'ora. Daftari lilikuwa na hali mbili tu, Kinatumika na Kimeondolewa. Kwa ajili ya kadi hiyo aliongeza ya tatu kwa mkono wake: Kimepitwa na wakati, kinaendelea. Nakala ilipelekwa makao makuu, ikarudi imeidhinishwa. Beseni nalo lilihamishiwa stoo.

Bugelema hawakushangaa kuwa na mtu wa kuwasomea bwawa. Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu Felician aliingia stoo, akasoma, akampigia mama yake, naye aliitangaza namba baada ya sala kwenye kigango kilichojengwa mlimani, kati ya matangazo ya ndoa na ya mifugo iliyopotea. Ilikubaliwa kwamba ikifika tisini na tano, wote watalala kigangoni na kushuka mchana kwa kazi. Mvua zilirudi Novemba na namba ikaanza kupanda asilimia moja kila siku ishirini. Katikati ya Januari ilivuka tisini na tano. Kaya ishirini na sita zilibeba mikeka. Ofisi ya Eustace ilipelekewa barua ya nne, ambayo iligongwa muhuri.

Asubuhi moja ya Februari Serafina alipokea simu kabla haijaita mara ya pili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ngapi?"

"Tisini na sita nukta mbili."

"Mia ni lini?"

Felician alikuwa amekwisha kukokotoa. Alikuwa akikokotoa kila siku. "Siku sabini na sita, mvua isipozidi. Mama, nakuomba kwa mara nyingine."

"Umeshaniomba, na nimeshakujibu." Nyuma yake watu walikuwa wakikunja mikeka na mtoto mmoja alikuwa akikohoa. "Sabini na sita. Mahindi yanataka tisini."

"Ndiyo."

"Basi mahindi hapana. Choroko siku sitini na tano nimeshavuna, nimeshapura." Alisikika akimwambia mtu aliyekuwa karibu naye jambo hilohilo, na mtu huyo akaitikia. "Wengine nao wanataka. Tafuta mbegu hapo sokoni Geita, debe moja, za rangi ya kijani. Zitume kwa basi la Alhamisi. Usichelewe, baba, maana siku zenyewe umezihesabu wewe."