Likishatoka Gazetini

Wenye watoto wakubwa nyumbani wanaijua raha ya mtoto aliyetulia. Harandi hovyo, harudi na harufu ya pombe, hana wageni wa kuingilia dirishani. Yuko pale pembeni na simu yake, ukimwita anaitika. Fundi alikuwa na binti wa namna hiyo, na kwa miaka alijihesabu kuwa amepona. Kumbe hapo ndipo pa kuogopa. Mtoto anayesumbua anaulizwa kila siku ametoka wapi na anakwenda wapi. Aliyetulia haulizwi kitu.

Fundi alikuwa mshonaji. Mumewe alikwishafariki, wakabaki wawili, yeye na binti. Chumba cha mbele ndicho kilichokuwa kiwanda: cherehani mbili, meza ya kukatia ambayo zamani ilikuwa mlango, pasi, na sanamu ya kupimia nguo isiyo na kichwa wala mikono. Sanamu ile ilikuwa na vigurudumu vidogo vya kuipanua, kuibana au kuirefusha ifanane na mwili wa mteja. Binti aliipa jina la Shangazi, kwa sababu, alisema, imekaa sebuleni siku nzima, haisaidii kazi, na ingawa haina mdomo unajua kabisa inakusema.

Walishona sare za shule na mashuka ya hospitali, kazi ya kuumiza mgongo isiyo na asante, mpaka ilipokuja kazi ya tamthilia. Ni ile ya televisheni ya malkia anayegeuka ndege, yenye mapango yanayoongea na jeshi la watu wa moshi. Fundi alijaribu kuitazama mara moja akasinzia kabla malkia hajaota bawa la pili. Yeye aliijua kwa ndani: bitana, kulabu, na mahali jasho la malkia linapokaa.

Kazi ililetwa na mkuu wa mavazi wa tamthilia hiyo, mwanamke mkavu waliyemwita Bi Pini, maana alikuwa akizungumza huku ameuma pini kwenye kona ya mdomo, na hakuna siku aliyomeza hata moja. Alikuwa na sharti moja tu. Kinachoshonwa chumbani humu hakitoki chumbani humu. Neno likitoka, na kazi inatoka. Fundi aliitikia haraka. Alijiona hana hata mtu wa kumwambia.

Sasa huyo binti. Kundini kwake kwenye simu walimwita Kinasa, kwa kuwa hakuna kilichompita. Lilikuwa kundi la wapenzi wa tamthilia ileile, lakini si la kupiga domo. Kazi yao ilikuwa kukusanya kila kilichoandikwa juu yake. Wamegawana magazeti na majarida na vituo vya redio, kila mtu na lake, na asubuhi mtu anapekua, akikuta hata mstari mmoja anaupiga picha na kuuweka kundini, jina la gazeti na ukurasa. Kinasa ndiye aliyepanga na kuhakiki. Walikuwa na sheria yao: bila gazeti hakuna habari. Ukija na "nimesikia" walikucheka mpaka ukajuta kuzaliwa. Na likishatoka gazetini, basi, ni la wote, kila mtu ana ruhusa ya kulizungumza apendavyo.

Fundi alilijua hilo juujuu na lilimfurahisha. Alijisifu kwa jirani kwamba wa kwake angalau anasoma magazeti, wa wengine wanacheza dansi mbele ya kamera. Wala hakumficha binti kwamba nguo wanazopiga pindo ni za tamthilia. Angemfichaje, na yeye ndiye anayetia vifungo? Alimwambia tu afunge mdomo, na binti akafunga. Miaka miwili alifunga, haki ya Mungu, hakuna aliyejua kundini kwamba Kinasa ameshika gauni la Malkia kwa mikono yake.

Yule mwigizaji wa Malkia naye walimjua. Alikuwa akija kujaribu nguo, anavua viatu mlangoni, anamwita Fundi Mama, naye Fundi anamwita mwanangu, anakunywa chai amesimama na pini zimemjaa mgongoni. Akija yeye, binti alitumwa dukani. Hilo lilikuwa agizo la Bi Pini, hakutaka mashabiki karibu na waigizaji, na binti alikuwa akikaa dukani kule akinuna mpaka gari liondoke.

Siku moja Bi Pini alileta karatasi ya vipimo, akaiweka mezani, akasema gauni lile la dhahabu lishonwe upya. Fundi aliangalia namba akajua si mwili anaoujua. Huyu alikuwa mrefu, mwembamba mabegani, kiuno kiko juu.

"Huyu si mwanangu," alisema.

"Si yeye," Bi Pini akajibu. "Na mwenyewe hajaambiwa. Ataambiwa wakimaliza kupiga picha za vipande vya mwisho. Shona tu, dada yangu."

Fundi alishona. Yule mwigizaji alikuja tena wiki ile kujaribu joho la vita, akavua viatu, akanywa chai, akasema mwakani anataka mikono isimbane. Fundi alijikaza akasema haya mwanangu, tutalegeza. Alipoondoka, Fundi alikaa kitini bila kufanya chochote, kitu ambacho si kawaida yake mchana. Alikuwa amechoka uchovu usiotoka kwa kulala.

Binti hakuonyeshwa karatasi ya vipimo. Lakini Shangazi alikuwa pale, amerefushwa, amebanwa mabega, kiuno kimepandishwa. Binti aliingia na bakuli la vifungo, akasimama, akaizunguka sanamu taratibu.

"Umeona nini?" Fundi akamwuliza.

"Sijaona kitu, Mama."

"Vizuri."

Na wote wawili walijua.

Siri ile ilimkaa binti rohoni kama mfupa wa samaki. Kundini walikuwa wakibishana Malkia atavaa nini msimu ujao, na yeye anajua hata Malkia mwenyewe hatakuwepo. Hakusema. Alifanya jambo ambalo kwao halikuwa kosa kabisa: aliuliza. Aliandika kwamba anatafuta tu, je, kuna gazeti lolote, popote, lililogusia habari ya malkia mpya? Kama kuna mtu ameona, alete. Ndivyo walivyoulizana kila siku. Na ukweli ni kwamba aliomba Mungu lipatikane, apumue. Walipekua wote, kazi kwelikweli, hawakupata hata mstari.

Kundini mle kulikuwa na mwandishi wa kurasa za burudani. Alijiunga zamani, hakuchangia lolote, alikuwa akila vya bure, maana wale watoto walimfanyia kazi yake yote. Na alimjua Kinasa. Kinasa haulizi ovyo. Basi hakuhitaji zaidi. Kesho yake ukurasa wa burudani ulikuwa na kichwa kikubwa kikiuliza kama Malkia anaondoka, na chini yake habari zilizotufikia zinadokeza hivi, walio karibu wanasema vile. Walio karibu! Alikuwa ni binti mmoja amekaa kwenye kigoda anang'ata uzi.

Binti alikuja mbio na simu, uso umenawiri kama aliyefunguliwa kifungoni. "Mama, imetoka. Imetoka gazetini, ona, ukurasa mzima. Siyo siri tena."

Fundi alikuwa na shuka la hospitali chini ya sindano. Aliuliza wamejuaje. Binti akasema magazeti yana watu wao. Fundi akaona inaingia akilini. Alisikia hata nafuu kidogo, akafikiri basi na yule mwigizaji ameshaambiwa, akageukia shuka lake. Hakuuliza lingine. Angeuliza swali moja tu, jana uliandika nini huko, pengine siku ile ingekwenda kwingine. Lakini mtoto alikuwa ametulia.

Binti alirudi kigodani, akaweka picha ya ukurasa kundini, jina la gazeti, kila kitu kwa utaratibu. Wenzake walipoanza kubisha kwamba gazeti lile ni la uzushi, aliudhika. Kwake ilikuwa imeshachapwa, na kilichochapwa ni cha wote. Akaandika kulitetea gazeti. Hakujua kuwa anajitetea mwenyewe, kwamba gazeti halikuwa na lolote ila swali lake yeye limevishwa kofia.

Bi Pini alifika kabla chai ya saa kumi haijachemka. Mara hii mdomo ulikuwa hauna pini, na Fundi alipoona hivyo akaondoa mguu kwenye cherehani. Hakuketi. Alitoa simu akasoma ujumbe ulioandikwa kundini siku ile, polepole, kama anayesomea mtoto.

"Ni kweli jamani. Mabega yamepunguzwa na kiuno kimepanda. Nimeliona gauni kwa macho yangu." Akaifunga simu. "Uvumi wa gazeti tungeukana tukalala. Hili nitalikana vipi? Gauni liko kwako. Nani ameliona?"

Binti alikuwa mlangoni na sinia la vikombe. Alianza kusema kwamba gazeti ndilo lililotangulia, tarehe ipo, ukurasa upo, na Bi Pini akamkatiza kwa kumwambia kwamba ameshaongea na huyo mwandishi, na mwandishi hakuwa na aibu hata kidogo. Amesema alilipata kundini kwao, kwa mtu anayeitwa Kinasa.

Sinia lilitua mezani. Hakuna aliyemimina chai.

Bi Pini si mtu mbaya. Alimvuta Fundi pembeni, karibu na dirisha, akasema kwa sauti ya chini kwamba anaweza kuwaambia wakubwa ni kijana wa kusaidia aliyeokotwa tu na ameshafukuzwa. Fundi akubali kwamba huyu hatakanyaga tena chumba hiki, akae kwa ndugu, popote, asionekane. Kazi ibaki.

Fundi alimtazama binti yake. Alikuwa na miaka ishirini na ushee, lakini pale mlangoni alionekana kama siku ile ya utotoni aliyovunja chungu.

"Chumba hiki ndicho nyumba," Fundi akasema. "Nyuma kuna kitanda tu. Nimfukuze aende wapi? Neno limetoka kwangu, mama. Sema limetoka kwangu."

"Unajua maana yake."

"Najua."

Walikunja nguo watatu, maana zilikuwa nyingi na Bi Pini peke yake asingeziweza. Gauni la dhahabu lilikuwa halijapigwa pindo. Dereva akabeba mizigo. Bi Pini alimshika Fundi bega, akaachia, akaenda zake.

Jioni ile binti aliandika kundini kuungama. Alisema gazeti lilichukua swali lake, yeye ndiye chanzo, na amemponza mama yake. Wakamjibu: gazeti gani limesema hivyo? Lete ukurasa. Wengine wakaonyana kwamba simu ya Kinasa imeibwa, mtu asiamini linaloandikwa na jina hilo. Alimsomea mama yake majibu hayo, na Fundi, pamoja na uchovu wote, alicheka kicheko kifupi kilichomwumiza mbavu, kisha akamwambia alete mashuka.

Yule mwigizaji wa Malkia alipiga simu siku iliyofuata, asubuhi. Fundi alilijua jina kwenye kioo akaiacha ilie kidogo kabla ya kupokea.

"Mama," sauti ilisema, na haikuwa na ukali wowote, afadhali ingekuwa nao. "Nilisomewa na mtoto wa dada yangu, mezani, tunakunywa chai. Aliona ni utani. Wewe ulijua?"

"Nilijua, mwanangu."

"Tangu lini?"

"Tangu joho. Siku ile uliposema mikono isikubane, nilikuwa najua."

Cherehani ya pili ilisimama, binti ameacha kukanyaga.

"Na aliyeandika ni nani? Bi Pini hasemi. Nataka tu kujua."

Fundi angeweza kusema ni mimi, kama alivyomwambia Bi Pini. Jana neno hilo lilikuwa tayari mdomoni. Lakini alimtazama huyu wa kwake, aliyejua mwanamke yule alizaliwa wapi, anaogopa nini na amesema nini kwa gazeti lipi, kila neno alilowahi kutamka limepangwa vizuri ndani ya simu, na siku zote mtu mwenyewe akija anatumwa dukani. Akanyoosha mkono wenye simu.

"Yuko hapa," alisema. "Ongea naye."

Binti alitikisa kichwa. Fundi hakurudisha mkono. Mwishowe simu ilipokewa, ikawekwa sikioni.

"Shikamoo," binti alisema.

Yaliyosemwa upande wa pili Fundi hakuyasikia. Alimwona tu mtoto anafungua mdomo, anaufunga, anafungua tena, na hakuna kinachotoka, na machozi yanamshuka mpaka kidevuni bila kuyafuta. Fundi alitamani kuinuka ampokee ile simu. Hakuinuka. Alivuta shuka, akatia uzi, akaanza kushona taratibu ili mlio usiwe mkubwa.